Gari la turbo la zamani linapokatakata baada ya kubadilishiwa plagi, koili na ekzosi

Mwenye gari la turbo lililotoka kiwandani miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, akitaka kulirudishia nguvu zake, kwa kawaida huanza na vitu viwili: mfumo wa cheche, yaani plagi, koili (zinazozipa plagi volti za kurusha cheche) na nyaya zake, kisha ekzosi. Uamuzi huo ni mzuri, kwa sababu vyote viwili huchakaa taratibu bila mwenye gari kutambua. Tatizo ni kwamba wengi huvibadilisha kwa pamoja, na gari likianza kukatakata njiani hawajui kipi kichunguzwe kwanza. Mimi nilifanya hivyo kwa Subaru Forester yangu ya mwaka 2003, yenye injini ya EJ205, nikapoteza miezi miwili na fedha za pampu mpya ya mafuta, ilhali pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Jambo ambalo sikulielewa wakati ule ni kwamba cheche na ekzosi vimefungamana. Turbo huzungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, na ekzosi pana hupunguza kizuizi cha moshi nyuma yake. Turbo ikipata nafuu hiyo huchangamka mapema, na presha ya hewa inayoingia kwenye silinda hupanda. Hewa iliyoshindiliwa zaidi kati ya ncha mbili za plagi huhitaji volti nyingi zaidi ndipo cheche iruke. Kwa hiyo koili iliyokuwa ikijikongoja salama na ekzosi ya zamani huweza kushindwa siku ileile ekzosi mpya inapofungwa, na mwenye gari akaamini kabisa kwamba fundi wa kuchomelea ndiye aliyeharibu. Ndiyo maana nashauri mfumo wa cheche utangulie, gari liendeshwe wiki mbili hivi, ndipo ekzosi iguswe. Kama umekwisha kuvichanganya, bado unaweza kuvitenganisha, ila itakubidi uisikilize dalili kwa makini na kujiuliza inatokea wakati gani: injini ikiwa ya baridi au ya moto, gari likiwa limesimama au likiwa mlimani.

Kimo cha Dodoma na usomaji wa geji

Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu kilopaskali 88, wakati pwani ni karibu 101. Jambo hili huwapotosha mafundi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni geji ya vakyumu, yaani kipimo cha nguvu ya injini kufyonza hewa. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, usomaji hupungua kwa takriban inchi moja ya zebaki, hivyo injini nzima ambayo Dar es Salaam ingesoma inchi 19 ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hapa itasoma inchi 15 au 16 bila kuwa na ugonjwa wowote. Ukilinganisha namba za hapa na zile zilizoandikwa vitabuni kwa ajili ya usawa wa bahari, utaishia kuifungua injini ukitafuta valvu zilizoungua ambazo hazipo.

Njia ya pili ni turbo yenyewe. Turbo inayoongeza presha ya ba (bar) 0.9 pwani huwa inaishindilia hewa karibu mara 1.9. Ili ifikishe kiasi kilekile cha hewa kwenye silinda ikiwa Dodoma, lazima iishindilie karibu mara 2.2, na hewa iliyoshindiliwa kiasi hicho hutoka ikiwa ya moto zaidi. Gari lililorekebishwa programu ya kompyuta yake Dar es Salaam lisichukuliwe kuwa limerekebishwa kwa ajili ya Dodoma pia.

Linakatakata turbo inapoanza kusukuma

Hii ndiyo dalili inayoletwa gereji mara nyingi kuliko zote. Gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea mjini bila shida, lakini ukishatoka Nala kuelekea Bahi ukalikanyaga kwenye gia ya nne, kuanzia mizunguko 3,000 hivi kwa dakika injini inaanza kutetemeka, ta-ta-ta-ta, kama inayokanyaga changarawe. Ukiachia mafuta kidogo inatulia. Ukikanyaga tena inarudia palepale. Mtetemo wa haraka, usio na mpangilio, unaozidi kadiri presha inavyopanda, ni dalili ya cheche inayozimwa na presha, na hapo usianze na pampu ya mafuta kama nilivyofanya mimi.

Anza na pengo la plagi. Kwa EJ205 pengo linalotakiwa ni milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi nyingi zinazouzwa kwa magari yasiyo na turbo zina pengo la milimita 1.1, na kwa kuwa nyuzi na urefu wake ni sawa, zinaingia bila ubishi wowote na injini inawaka. Kwa plagi za NGK, namba 11 inayofuata kistari mwishoni mwa jina la plagi humaanisha pengo hilo la milimita 1.1, kwa hiyo soma boksi lote hadi mwisho kabla ya kulipa. Plagi nilizouziwa mimi katika duka moja la spea zilikuwa na namba hiyo, na kwa miezi miwili sikuona sababu ya kuzikagua kwa kuwa zilikuwa mpya. Pima kila plagi kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia pengo, hata kama imetoka kwenye boksi lililofungwa. Ukihitaji kupunguza pengo, bonyeza ncha ya nje peke yake, taratibu. Plagi za iridiamu zina ncha ya kati nyembamba kama sindano, na ukiigusa kwa chuma inakatika au inapata ufa usioonekana kwa macho.

Ukiwa hapo, angalia pia kiwango cha joto cha plagi. Kwa NGK na Denso, namba ikiongezeka plagi huwa ya baridi zaidi, yaani ncha yake hupoa haraka zaidi. Kwa Bosch mpangilio huo ni kinyume. Gari lililopandishwa presha huweza kuhitaji plagi ya baridi zaidi kwa hatua moja, lakini gari ambalo bado lina presha ya kiwandani halihitaji, na likifungiwa plagi ya baridi mno huku linazunguka Majengo na Area C tu, plagi zitajaa masizi meusi na utarudi kwenye dalili ileile uliyokuwa unaikimbia.

Plagi zikiwa sahihi, ingia kwenye mashimo yake. Kwenye Subaru plagi zimelala ubavuni mwa injini, hivyo utalazimika kuondoa betri kwa upande wa kushoto na boksi la filta ya hewa kwa upande wa kulia. Ndiyo kazi inayowafanya mafundi wenye haraka kubadilisha plagi mbili rahisi na kuziacha nyingine mbili, kwa hiyo omba uonyeshwe plagi zote nne za zamani. Mulika tochi ndani ya kila shimo. Oili ikiwa imejaa humo, sili za kava la tapeti zimechoka, na mpira wa koili ulioloweshwa na oili hulainika na kuanza kuvujisha umeme. Kisha itazame kauri nyeupe ya plagi kwenye mwanga mzuri. Ukiona mstari mwembamba wa rangi ya kijivu, kama alama ya penseli iliyovutwa kutoka juu kwenda chini, hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea nje ya plagi badala ya kuruka kwenye pengo. Mstari huo haufutiki kwa petroli wala kwa msasa, na ukibadilisha plagi peke yake, mpira wa koili wenye mstari unaofanana na huo kwa ndani utaiharibu plagi mpya baada ya siku chache. Badilisha vyote viwili.

Baada ya hapo ndipo zije koili. Kwenye Subaru yenye koili moja juu ya kila plagi, hamisha koili ya silinda ya 1 kwenda silinda ya 3, ambazo zote ziko upande wa kulia ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, kisha endesha. Tatizo likihama pamoja na koili, umempata mhalifu bila kununua kitu. Kwenye Subaru yenye koili ya pamoja na nyaya nne, silinda ya 1 na 2 hupata cheche kwa wakati mmoja, na vilevile ya 3 na 4. Kwa hiyo nyaya zilizobadilishana ndani ya jozi moja hazina madhara, lakini zikichanganywa kati ya jozi moja na nyingine injini itagoma au itawaka kwa taabu kubwa. Zipo koili zinazokufa zikishapata joto tu: gari linakuwa zima hadi Chamwino, kisha linaanza kukatakata. Hizo hazionekani kwa maltimita injini ikiwa ya baridi, kwa hiyo zihamishe ukiwa palepale barabarani, na glavu nene mkononi.

Usiidharau soketi ndogo ya waya inayoingia kwenye koili. Plastiki iliyokaa juu ya injini yenye turbo miaka ishirini huwa kavu kama ganda la karanga, na kidole chake cha kufungia kikikatika wakati wa kubadilisha koili, soketi hubaki imekaa lakini haijashika. Barabara ya vumbi yenye matuta hufanya kazi iliyobaki. Pima pia volti za betri injini ikiwa inaunguruma. Ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Zikishuka sana koili haijazwi vya kutosha, hata iwe mpya namna gani. Na kama umefunga koili zenye nguvu zaidi zilizotoka kwenye gari la aina nyingine, fahamu kwamba kila koili ina muda wake wa kujazwa umeme, na kompyuta ya gari lako inatumia muda wa koili za zamani. Muda ukipungua cheche huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa nayo mwanzo. Ukizidi, koili huungua. Kwa gari lenye presha ya kiwandani, au iliyozidi kidogo tu, koili nzima za aina ya kiwandani zinatosha kabisa, na sioni sababu ya kugharamia nyingine.

Linakatika ghafla mara moja, kama lililokanyagiwa breki

Dalili hii hufananishwa na ile iliyotangulia, ilhali ni tofauti. Hapa hakuna mtetemo wa awali. Gari linavuta vizuri kuliko wakati mwingine wowote, kisha injini nzima inakata kwa pigo moja, wote waliomo wanarushwa mbele, na baada ya sekunde linavuta tena. Ukiwa na geji ya presha utaona linatokea kwenye namba ileile kila mara. Hiyo ni kompyuta inayokata mafuta ili kuiokoa injini, kwa kuwa presha imevuka kikomo.

Chanzo chake cha kawaida ni ekzosi mpya. Turbo ina mlango mdogo wa kupitishia moshi pembeni presha inapofika kiwango chake. Ekzosi ya inchi tatu isiyo na masega (kichujio cha kusafisha moshi kilicho ndani ya bomba) huivutia turbo moshi mwingi kuliko mlango huo unavyoweza kuupitisha, na presha inaendelea kupanda hata mlango ukiwa wazi wote. Jambo hili hujitokeza zaidi kwenye gia za juu, barabara ikiwa wazi, na zaidi tena katika asubuhi zenye baridi za Juni na Julai, hewa inapokuwa nzito. Mtu anayelijaribu gari lake mchana wa Novemba peke yake anaweza asilione kamwe, kisha likamshangaza alfajiri akiwa njiani kwenda Gairo.

Kabla ya kuilaumu ekzosi, kagua mpira mdogo unaopeleka presha kwenye mkono wa mlango huo. Ukiwa umechanika au umechomoka wakati ekzosi ikifungwa, mlango haupati amri ya kufunguka. Mpira ukiwa mzima, dawa ni ama kurudisha bomba lenye kipenyo kidogo zaidi pamoja na masega, ama kumpa fundi wa turbo aupanue mlango ule, ama kurekebisha programu ya kompyuta ukitumia kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Wapo wanaoidanganya kompyuta isiione presha. Tafadhali usikubali kufanyiwa hivyo. Injini hizi ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango chao haipungui oktani 96, na presha isiyo na ulinzi huku petroli ikiwa ya oktani pungufu huvunja pistoni.

Limekuwa zito, lakini halitetemeki wala halikati

Gari zito lisilotetemeka mara nyingi halina kosa la cheche. Kwenye Subaru, kitu cha kwanza kukitazama ni kidogo mno: ndani ya mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye valvu ya umeme ya kudhibiti presha kuna kipande cha shaba chenye tundu jembamba, kilichowekwa kiwandani ili kupunguza hewa inayofika kwenye mlango wa moshi. Fundi anayebadilisha mipira iliyozeeka kwa mipira mipya hutupa ule wa zamani na kipande hicho kikiwa ndani yake. Mlango unafunguka mapema, presha haipandi, na gari linakuwa kama halina turbo. Kabla ya kutupa mpira wowote, upapase kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kama presha inapanda kama kawaida lakini nguvu haipo, fikiria masega yaliyoziba. Gari lililokuwa na misi, yaani silinda inayokosa kuunguza mafuta yake, kwa muda mrefu hupeleka petroli isiyoungua kwenye masega, yakapata joto kupita kiasi, yakayeyuka na kujiziba yenyewe. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, funga geji ya presha mahali pake, na uwashe injini. Katika mngurumo wa kawaida presha isizidi ba 0.1, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 0.2. Ikizidi hapo, masega au bomba la mbele limeziba. Baadhi ya Subaru za turbo zina masega mengine madogo kabla ya turbo, na hayo yakimeguka vipande vyake huingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo, kwa hiyo ukiyakuta yamelegea usiliwashe gari tena hadi yatolewe.

Sauti ya tik-tik asubuhi, na turbo inayochelewa

Hapa ndipo tatizo langu la pili lilikuwa limejificha. Baada ya kurekebisha pengo la plagi mtetemo uliisha, lakini turbo ilichelewa kuamka hadi mizunguko 3,500, na kila asubuhi nilisikia tik-tik-tik upande wa kulia, sauti iliyopotea baada ya dakika kumi. Niliambiwa na watu wawili kwamba ni tapeti. Fundi mmoja mzee wa Chang'ombe aliinama, akasikiliza kidogo, akasema, "Kaka, tapeti haipoi ikipata moto. Hiyo ni stadi." Alilala chini ya gari na kioo kidogo, akanionyesha alama nyeusi ya masizi iliyotanda kama unyoya pembeni ya gasketi ya ekzosi, na stadi moja, yaani boliti isiyo na kichwa inayoshikilia ekzosi kwenye injini, iliyokatika sawasawa na uso wa silinda hedi.

Moshi unaovuja kabla ya turbo ni nguvu inayopotea kabla ya kuzungusha chochote. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa, ndiyo maana sauti hupotea. Ili kuutafuta uvujaji huo, fanya kazi injini ikiwa ya baridi kabisa: puliza hewa kwa blowa kupitia mwisho wa ekzosi, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame mapovu. Usitumie gasketi zilizokatwa kutoka kwenye shiti la kawaida kabla ya turbo, kwani joto la hapo huzila ndani ya miezi michache. Nunua za chuma zenye matabaka. Fundi wa kuchomelea akifanya kazi yoyote kwenye mabomba yaliyo kabla ya turbo, bomba litolewe garini, lichomelewe, kisha lisafishwe ndani hadi punje ya mwisho ya kaa la welding itoke, kwa maana punje hiyo itapita kwenye mapanga. Akichomelea bomba la nyuma likiwa garini, betri ichomolewe kwanza.

Uvujaji ulio baada ya turbo hauchelewi kuonekana, lakini una madhara mengine. Ukiwa karibu na sensa ya oksijeni, hewa ya nje hufyonzwa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika; utaona moshi mweusi, harufu kali, na milipuko unapoachia mafuta. Ukiwa chini ya kabini, kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani, na gesi hiyo haina harufu. Abiria wakilalamika kichwa au kichefuchefu katika safari ndefu, simamisha gari, fungua madirisha, na usiendelee kabla ya kukagua.

Kwa mngurumo unaotetemesha viti katika mwendo wa safari, angalia kwanza mipira ya kuning'inizia ekzosi na mahali bomba linapogusa bodi. Mara nyingi ni hilo tu.

Stadi yangu ilitolewa kwa kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki, zote za upande ule zikabadilishwa, na gasketi mpya ya chuma ikafungwa. Baada ya kilomita 250 nilirudia kukaza nati zote injini ikiwa imelala usiku kucha, na mbili zilikubali karibu robo mzunguko. Wiki iliyofuata nilikwenda Manyoni, na katika mpando wa kutoka Kintinku nililikanyaga gari kwenye gia ya nne tangu chini hadi juu. Niliporudi nilifungua plagi ya silinda ya 3, ile iliyokuwa mbaya kuliko zote: kauri ilikuwa ya kahawia hafifu kama chai ya maziwa, kavu, bila mstari wowote.